Kibuyu Hakioshwi kwa Sabuni

Kama ulimaliza dawa za homa ya matumbo lakini tumbo lako bado halijatulia, na watu wa nyumbani wameanza kukutazama kama mtu anayejifanya, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Shule niliiacha darasa la sita, baba alipomfuata mama kaburini, na tangu hapo nimekuwa fundi wa mabati. Nitakueleza tu nilivyougua, nilivyongoja, na kilichonirudisha kwenye nyundo yangu. Dawa za hospitali nilizimaliza zote, nawe uzimalize. Nalisema hili mwanzo ili usije ukafika katikati ya hadithi ukazitupa.

Tulikaa Kawangware, chumba kimoja katika ploti ya Mama Njoki, mimi na dada zangu wawili. Nasimiyu alikuwa amemaliza darasa la saba na alifulia watu nguo. Nafula, kitinda mimba, alikuwa bado shuleni. Kila asubuhi nilikwenda kwa miguu hadi Laini Saba, Kibera, ambako mimi na rafiki yangu Okoth tulikaa chini ya bati moja kando ya reli tukitengeneza taa za koroboi na majiko kutokana na madebe.

Baba alipozikwa, wazee wetu kule magharibi walitaka tugawanywe, huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba, kama desturi ilivyo. Nilisimama nikasema nitawalea mwenyewe. Baba Mdogo, ndugu yake marehemu baba, aliitazama mikono yangu kwa muda, kisha akasema sawa, niende nao Nairobi, lakini siku mikono hiyo itakaposhindwa atakuja kuwachukua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema yale mtu mzima anapaswa kusema. Lakini maneno yale nililala nayo na kuamka nayo miaka yote, na nilipougua ndiyo yaliyoniuma kuliko tumbo.

Homa ilinishika kwenye baridi ya Julai. Nilidhani ni malaria, nikanywa dawa za dukani, nikaendelea kugonga mabati huku nikitetemeka. Okoth ndiye aliyeninyang'anya nyundo. Hospitalini walinilaza, wakanipa vidonge vya maganda, na homa ikashuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Nywele zikaanza kutoka. Nilizikuta kwenye mto, nikazikusanya mfukoni ili Nasimiyu asizione siku ya kuja kunitazama, naye aliziona kichwani ambako hazikuwepo.

Niliporuhusiwa kutoka, jakaranda zilikuwa zimeanza kutoa maua. Kadi yangu iliandikwa kwamba nimepona. Tumbo halikusoma kadi.

Chochote nilichokula kilipita. Uji ulipita, ndizi ilipita, hata maji yalikuwa na haraka. Katikati ya haja moja na nyingine sikuweza kukaa. Nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa, lakini mwili haukutulia: nikiketi nataka kusimama, nikisimama nataka kulala, nikilala nasikia nyundo za Laini Saba masikioni ingawa ni mbali. Mikono ilitafuta kitu cha kukunja. Nafula aliniletea vifuniko vya mikebe, nikawa navikunja na kuvikunjua kutwa nzima.

Vyoo vya ploti vilifungwa kwa kufuli, na ufunguo mmoja ulining'inia kwenye msumari mlangoni kwa Mama Njoki. Kila mpangaji alipita pale. Nami nilipita mara nyingi kuliko wote, nikijifanya nina haraka ya kazi. Asubuhi moja Mama Njoki alikuja chumbani kwetu, akaweka ufunguo mpya juu ya meza, akauliza habari za masomo ya Nafula, akaondoka. Hakusema lolote kuhusu ufunguo. Nimewahi kupewa vitu vikubwa kuliko hicho, lakini sikumbuki ni vitu gani.

Nilirudi hospitalini, nikarudi tena. Wanaofahamu benchi lile watanielewa. Foleni husogea kwa kukaa: wa mbele akiingia kwa daktari, wote mnavuta makalio nafasi moja, na mbao zimeng'aa kwa makalio ya watu. Ukisimama umepoteza zamu, na mimi nilikuwa mtu wa kusimama. Bibi mmoja mwenye kiondo aligundua shida yangu bila kuambiwa. Kila nilipokimbia aliweka kiondo chake mahali pangu. Kijana mmoja alipolalamika kwamba kiondo si mgonjwa, bibi alimjibu kwamba kina viazi vilivyooza, kwa hiyo ni mgonjwa kuliko yeye.

Siku hiyo nilimpata daktari mwanamke, Mhindi wa hapa hapa Nairobi, aliyesema Kiswahili cha sokoni. Alinipapasa tumbo, akasoma karatasi za maabara, akasema vijidudu vya homa havionekani tena. Nikamuuliza basi ni nini kinachonifukuza. Aliweka kalamu chini.

"Kwenu kuna mbwa?"

Nilidhani anaulizia kichaa cha mbwa. Nikasema yuko, wa mwenye ploti, anaitwa Bobi.

"Anakubwekea?"

"Mimi? Ananijua."

"Amekujuaje?"

"Si tunakaa pamoja."

Akasema ndivyo ilivyo ndani ya tumbo. Kwenye ukuta wa utumbo kuna walinzi wa mwili, na ndani yake wanaishi vijidudu wengi wasio na ubaya, wapangaji wa tangu utoto. Walinzi hukua nao na kujifunza kwao nani wa kubwekewa na nani wa kuachwa apite. Ile dawa iliyofukuza homa haikuwa na macho, iliwahamisha wabaya na wema pamoja. Sasa walinzi wamebaki kwenye ploti tupu na wanabwekea kila kitu, hata chakula. Nilimuuliza wanazungumzaje, walinzi na wapangaji. Akacheka kidogo.

"Hilo hata sisi bado hatulijui vizuri. Tunachoona ni kwamba wanajuana."

Alisema nijaribu maziwa lala, kidogo kidogo, yaliyochemshwa kwanza kabla ya kugandishwa, ya mtu ninayemwamini. Haikuwa dawa, alisema, na hakuniahidi kitu. Nyanya yake ndivyo alivyowalea.

Mtu niliyemwamini alikuwa kuta mbili kutoka kwetu. Mama Njoki alifuga ng'ombe mmoja nyuma ya ploti, kwenye kipande kilichobaki cha shamba la ukoo wa mumewe, la tangu kabla mji haujawafuata. Alichemsha maziwa, akayaacha hadi kidole kiweze kuvumilia, kisha akayamimina kwenye kibuyu kikubwa cheusi ambacho chini yake daima kulibaki maziwa ya zamani, kiasi cha kidole. Hayo ndiyo aliyaita mbegu. Kibuyu kilikuwa cha mama mkwe wake, na mbegu ilikuwa ya mama mkwe wake pia, haikuwahi kukatika. Hakukimaliza hadi chini, na hakukiosha kwa sabuni. Alikisuuza kwa maji, mara moja moja akapitisha ndani kaa la mti wa mutamaiyo, mzeituni wa porini, basi.

Nilipomweleza maneno ya daktari alisema, "Umetembea mpaka hospitali kuambiwa hivyo? Ungeniuliza." Akanijazia kibuyu kidogo, chenye mbegu yake ndani, kikae chumbani kwetu.

Sikupona kwa siku moja, na mtu akikwambia alipona kwa siku moja mwulize alikuwa anaumwa nini. Vijiko vichache asubuhi, vichache jioni. Kulikuwa na siku nilizorudi nyuma, nikamlaani ng'ombe na mwenye ng'ombe. Mvua za vuli zilipita. Kisha asubuhi moja, nikiwa nimerudi Laini Saba kwa nusu siku, nilimaliza koroboi nzima, kuanzia kukata bati hadi kulehemu mdomo wa utambi, bila kuinuka. Nilikuwa sijagundua. Okoth ndiye aliyegundua.

"Fundi, leo umekaa."

"Nimekaa."

"Mimi nilishaanza kupanga. Ulivyokonda hivyo, tungekutumia kama utambi."

Alionja maziwa yangu ya mchana, akayapenda, akataka mbegu kwa ajili ya mkewe, Mama Akinyi, ambaye mtoto wao mdogo alikuwa na tumbo la kusumbua. Mama Njoki hakumnyima mtu mbegu. Kesho yake nikabeba chupa kwenye mfuko, kizibo nimekikaza vizuri kama fundi anavyokaza kitu. Jua likapiga, chupa ikatikisika njia nzima, na nilipokaribia reli kizibo kiliruka kwa mlio uliowafanya wauza mboga walale chini. Nikafika kwa Okoth shati limelowa na harufu ya ng'ombe. Mara ya pili nilikilegeza.

Krismasi tulikula pamoja, sisi watatu, na nikadhani yamekwisha.

Yalirudi Januari, wakati wa jua kali na vumbi. Kwanza kichwa, kisha homa ya jioni, kisha benchi. Maabara ikasema ni homa ya matumbo tena. Nikapewa awamu ya pili ya vidonge. Nasimiyu ndiye aliyenipeleka, na nesi alimweka kando akamweleza kwa upole: maji yachemshwe, kila kinachonywewa kichemshwe, vyombo vyote vioshwe kwa sabuni na maji moto. Alisema kweli, na mpaka leo nyumbani tunafanya hivyo. Nasimiyu alirudi nyumbani na maneno yale kama mtu aliyekabidhiwa bunduki.

Wiki hiyo Mama Njoki alikwenda kwao Murang'a kumzika dada yake. Aliacha ng'ombe kwa mpwa wake na kibuyu kikubwa kwa Nasimiyu, akimwambia akitunze. Nasimiyu alikitunza. Maziwa yaliyokuwamo aliyamimina kwenye sufuria akayachemsha, yakakatika yakawa mabonge na maji. Kisha akavisugua vibuyu vyote viwili, kikubwa na kidogo, kwa sabuni ya kipande, sabuni ile ile ya kufulia nguo za watu, akavimiminia maji yanayochemka mpaka vikatoa maji meupe, akavitundika kwenye ua vikaushwe na jua. Alinionyesha kutoka mlangoni. Sikuwa na nguvu ya kuinua kichwa, nikasema vizuri.

Mama Njoki alirudi akavikuta pale uani, vimegeuzwa midomo chini. Alikishika kile kikubwa, akakinusa, akakaa kwenye jiwe la kufulia.

"Msichana wewe," akasema taratibu, "umemzika mama mkwe wangu mara ya pili."

Nasimiyu akasema nesi aliagiza vyombo vyote.

"Hiki sicho chombo. Kinaishi."

Alijaribu kugandisha maziwa mapya bila mbegu, yakawa machungu, yakavimba, yakanuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Mimi nikamaliza vidonge, homa ikaondoka, na yote ya Oktoba yakaanza upya: choo, vifuniko vya mikebe, nyundo masikioni. Ploti ilikuwa tupu tena, na mbwa anabweka.

Katika hali hiyo ndipo Baba Mdogo alipofika. Mtu alikuwa amempelekea habari kwamba nimebaki ngozi. Alikaa kwenye kitanda changu, akanishika mkono, akaugeuza kiganja kikawa juu. Sugu za nyundo zilikuwa zimeanza kubanduka.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikulaumu. Lakini mvua ndefu zikianza nitarudi, na nikikukuta hivi nitaondoka nao. Nafula ataishi kwa shangazi yenu. Nasimiyu kuna nyumba inayotaka kumposa."

Nasimiyu alikuwa anaosha sahani. Aliendelea kuiosha ile ile sahani moja. Baba Mdogo alipokwenda kulala kwa mtu wa kwao, Nasimiyu alikuja akasimama mbele yangu.

"Mbegu ya Mama Njoki," akasema. "Si ulimpelekea mke wa Okoth?"

Jumapili iliyofuata tukaenda nyumbani kwa Okoth, Kibera. Alitaka aende peke yake, lakini hakujua nyumba, nami sikuweza kubaki. Aliniambia sitafika. Nikamwambia nikianguka aendelee. Barabara ya kutoka Kawangware hadi Kibera naijua kwa namna ambayo watu wengine hawaijui: najua kila kichaka, kila choo kisicho na kufuli, kila mama wa kibanda asiyeuliza maswali. Watu walikuwa wanakwenda kanisani wamevaa soksi nyeupe, sisi tunasimama na kuanza, tunasimama na kuanza. Nasimiyu alinigeuzia mgongo kila iliponipasa, akitazama barabara kama askari, na hakuna alichosema ila mara moja: "Kaka, usikimbie, hatufukuzwi." Lakini nilihisi tunafukuzwa. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Ngong.

Mama Akinyi alitupokea mlangoni, mtoto mgongoni, mtoto aliyekuwa amenenepa mpaka mashavu yanagusa mabega. Nilianza kueleza, pumzi ikakatika, Nasimiyu akamalizia. Alieleza yote, sabuni na kila kitu, bila kujipunguzia. Mama Akinyi aliingia ndani, akatoka na chungu kidogo kilichofunikwa kwa sahani.

"Mimi sina ng'ombe," akasema. "Huyu wa chunguni amelelewa na maziwa ya pakiti. Ameshazoea mji, sijui kama atakubali kurudi kwa Mama Njoki."

Akatumiminia nusu kwenye chupa. Nasimiyu akauliza tutamrudishia lini. Mama Akinyi akashangaa. "Kurudisha nini? Mbegu ni yenu. Mimi ndiye niliyeomba."

Kurudi nyumbani Nasimiyu alibeba chupa kifuani, kizibo kimelegezwa, na hakuniruhusu hata kuigusa. Mama Njoki alikuwa amekaa nje, Bobi miguuni. Alitia ncha ya kidole, akalamba, akalamba tena. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, nasubiri kama mtu wa benchini.

"Ni yeye," akasema. "Amekonda, lakini ni yeye."

Kibuyu kikubwa kilichukua muda kusahau sabuni. Mama Njoki alikifukiza kwa kaa, akakijaza maziwa, akayamwaga, akakijaza tena, huku mbegu ikikaa kwenye sufuria ikilishwa kidogo kidogo. Nasimiyu ndiye aliyefanya kazi hiyo, chini ya macho yake, na siku maziwa ya kibuyuni yalipotoka mazito, yenye ladha ile ya moshi na uchachu, Mama Njoki alimpa bakuli la kwanza yeye, si mimi. Mimi nilianza tena na vijiko.

Mwili una njia yake ya kukuambia, na haiko kwenye karatasi. Siku moja njaa ilinishika njiani, njaa halisi, nikasimama mbele ya mama wa mahindi ya kuchoma nikiwa karibu kulia. Siku nyingine nililegeza mshipi hadi tundu la zamani. Nywele ziliota upya, laini kama za mtoto, Okoth akawa anazipapasa akisema fundi amezaliwa.

Mvua ndefu zilianza kwa kelele juu ya mabati. Baba Mdogo alifika siku ya tatu ya mvua, matope hadi magotini, na kamba ya katani begani ya kufungia mizigo ya wasichana. Hakunikuta. Nafula alimwambia niko kazini, naye hakuamini, akaja Laini Saba kwa miguu yake mwenyewe. Nilimwona anasimama upande wa pili wa reli. Alivuka, akasalimia, akakaa juu ya debe lililopinduliwa, akatazama. Niligonga mabati mpaka jioni, na sikuinuka.

Nyumbani Nasimiyu alipika ugali, akauweka na maziwa lala kwenye bakuli. Baba Mdogo alikula, akaongeza, akauliza haya yametoka wapi, mbona yana ladha ya nyumbani kwa mama yake zamani, nyanya yetu, kabla kibuyu chake hakijakauka wakati wa msiba. Hatukujua kwamba nyanya alikuwa nacho. Nasimiyu akamwambia ni ya Mama Njoki.

Asubuhi, kwenye kituo cha mabasi, kamba ilikuwa bado begani, haijafunga kitu. Nasimiyu alimpa chupa ya mbegu. Akaichukua kwa mikono miwili, akaizungusha kamba mara kadhaa, akaifunga wima kwenye mguu wa kiti cha basi.

"Usikaze kizibo, Baba Mdogo," Nasimiyu akamwambia. "Na kibuyu usikioshe kwa sabuni."

"Kwetu nani ana sabuni ya kuoshea vibuyu?" akasema. Kisha akanitazama, akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akaurudisha. "Kaeni vizuri. Wote watatu."

Mtu wa kwetu aliyekuja baadaye alituletea habari. Baba Mdogo alikuwa amekaza kizibo, kwa sababu yeye ni mtu wa kukaza vitu kama mimi. Chupa ililipuka baada ya Nakuru, ikawalowesha abiria wa mbele, wakamtukana hadi Eldoret. Lakini kamba ilishika, chupa ikabaki wima, na chini yake palikuwa pamebaki kidogo, kiasi cha kidole.

Kilitosha.